Kompyuta sita za ofisi moja: akaunti kwenye mashine yenye folda, au seva ya kuthibitisha watumiaji wote?

Karani_Tukuyu:
Wadau, salamu kutoka Tukuyu. SACCOS yetu ina kompyuta sita zilizounganishwa kwa swichi moja, na folda ya mikopo imo kwenye kompyuta ya mhasibu, wazi kwa yeyote aliyechomeka waya, jambo ambalo mkaguzi amelikataa. Je, tumfungulie kila mtumishi akaunti kwenye kompyuta hiyo, au tutafute seva ya kutunza akaunti zote?

Fundi_Mwanjelwa:
Ndugu Karani, kwa ukubwa huo ningeanza na njia ya kwanza. Pasipo domeni (kundi la kompyuta ambazo akaunti zake hutunzwa na seva moja), Windows humthibitisha mtu kwa akaunti zilizomo kwenye mashine yenye folda, si kwa zile za mashine anayotokea; kwa hiyo mtumishi mwenye jina na nywila zilezile pande zote mbili huingia bila kuulizwa, na zikitofautiana huletewa kidirisha cha kujaza. Akaunti isiyo na nywila, kwa mpangilio wa kawaida, haikubaliwi kupitia mtandao. Vilevile PIN inayofungua kompyuta yako haifungui folda ya mashine nyingine. Mteja wangu mmoja aliapa kwamba nywila yake inakataliwa, kumbe muda wote alikuwa akiandika PIN.

Mwl_Mafinga:
Fundi hajagusa kero ya watu kuhama. Shuleni kwetu mwalimu akiondoka, tulilazimika kuipitia mashine moja baada ya nyingine, ilhali kwenye domeni akaunti hufungwa mara moja kwenye seva. Wala si lazima kununua leseni ya Windows Server, kwani programu ya Samba, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012, inaweza kuendesha domeni ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti) bila malipo. Ila kompyuta ziwe na Windows Pro, maana Home haijiungi na domeni, na saa zake zisipishane na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, la sivyo Kerberos, yaani utaratibu wa domeni wa kuthibitisha watumiaji, humkataa hata mwenye nywila sahihi. Kwa kompyuta kuukuu ambazo betri ya saa imekufa, na umeme wetu huu, sharti hilo si dogo.

Fundi_Mwanjelwa:
Mwalimu, folda ya Karani ni moja. Akaunti ya aliyeondoka ikifungwa kwenye kompyuta ya mhasibu, hana tena njia ya kuifikia, hata kama jina lake limebaki kwingine. Folda zikitawanyika kwenye mashine nne au tano, hapo nitakuunga mkono.

Ipogolo_Net:
Kwa nini wasitumie akaunti moja ya pamoja? Ni rahisi kuliko zote.

Mwl_Mafinga:
Kwa picha za mahafali, sawa. Kwa mikopo, kumbukumbu zitaonyesha jina lilelile kwa kila aliyegusa faili, na mkaguzi atarudi na hoja ileile.

Karani_Tukuyu:
Nashukuruni. Tutaanza na akaunti binafsi kwenye kompyuta ya mhasibu. Maafisa mikopo wataandika, keshia atasoma tu. Ruhusa hizo niziweke wapi?

Fundi_Mwanjelwa:
Ziko sehemu mbili: kwenye kushirikisha folda, na kwenye usalama wa folda yenyewe. Anayeingia kwa mtandao hupewa ile iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Ondoa kwanza kundi la «Everyone» (yaani watu wote), kisha mpime keshia kwa kumwambia ajaribu kufuta faili la majaribio.