Kingi mbili mkononi, bado mmoja kutoka: kutupa au kufuata?

Mwana_Mkunazini
Assalaam aleikum wenzangu. Kuna mzozo barazani kwetu tangu juzi na kahawa hainyweki kwa raha. Tunacheza poka ya simu, bure kabisa, hakuna kiingilio wala zawadi ya pesa. Watano wa mwisho kubaki wanaingia fainali. Walibaki sita. Kinara alikuwa na chipu 30,000, rafiki yangu 24,000, kisha 14,000, 12,000, 10,000, na wa mwisho kabisa 1,500 tu. Dau za lazima, ambazo watu wawili huweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, ni 1,000 na 2,000.

Rafiki yangu alikuwa kwenye dau kubwa, ile 2,000. Wengine wote wakatupa karata, kinara akamwaga chipu zote mezani. Rafiki akatazama karata zake: kingi ya kopa na kingi ya shupaza. Kufuata ni kuweka na yeye chipu zake zote; akafikiri, akatupa. Tangu hapo wanamwita mwoga. Mie naona alifanya sawa, lakini nashindwa kuwaeleza wakanielewa. Nyinyi mngefanyaje?

Simba_wa_Darajani
Ningefuata bila kupepesa macho. Kingi mbili! Inayoishinda ni ree mbili tu. Ukishakuwa na kingi mkononi, ree mbili kwa mpinzani mmoja hutokea mara 6 katika 1,225, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Hata meza ikiwa na wapinzani wanane, ni kiasi cha asilimia 4. Unatupaje karata kama hiyo? Mtu anayetupa kingi asicheze poka, akacheze keram.

Bint_Wete
Simba, hesabu yako ya ree ni sahihi, ila unajibu suali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kingi ni karata kali, hilo hatubishani. Suali ni akishinda anapata nini, na akishindwa anapoteza nini.

Tumfanyie hisani kabisa, tuseme kinara kamwaga na karata zozote mbili bila hata kuzitazama. Kingi mbili zitamshinda mara 82 hivi katika 100. Mara 18 zilizobaki rafiki yetu anatoka, maana kinara ana chipu nyingi kuliko yeye. Anakuwa wa sita, na wa sita hapati kitu.

Sasa tazama akitupa. Anabaki na 22,000, bado wa pili. Mkono unaofuata, yaani karata zikigawiwa tena, dau kubwa linamwangukia nani? Jirani yake wa kushoto. Mwana_Mkunazini, nani aliyekaa kushoto kwake?

Mwana_Mkunazini
Huyo huyo wa 1,500!

Bint_Wete
Basi kesi imekwisha. Dau ni 2,000 na yeye ana 1,500, kwa hiyo analazimika kuingia na chipu zote hata akipewa karata mbovu za namna gani. Ili rafiki yako akose fainali, huyu bwana anusurike hapo, anusurike tena na tena, halafu rafiki yako ashuke chini ya watu wengine watatu. Sioni hatari hiyo ikifika hata moja katika ishirini.

Kwa hiyo ameshika asilimia 95 mkononi bila kucheza. Akifuata na kushinda anafika 100, kaongeza tano. Akifuata na kushindwa anaanguka kutoka 95 hadi sifuri. Ili kufuata kuwe na faida inabidi ashinde mara 95 katika 100, na hakuna karata mbili za kuanzia zinazofika huko. Ree mbili zenyewe, dhidi ya karata zozote, ni 85. Mie hapo ningetupa hata ree, na usingizi ningelala.

Simba_wa_Darajani
Ree?! Yakhe, hiyo sasa imepita mpaka.

Mzee_wa_Malindi
Haikupita, mwanangu. Lakini nina suali moja kabla sijakubaliana na Bint_Wete moja kwa moja. Chipu zinahamia fainali au huko mnaanza upya?

Nauliza kwa sababu hapo ndipo uamuzi unapogeuka. Ikiwa mtu anaingia fainali na alichonacho, kufuata, kushinda na kuingia na 49,000 ni jambo jingine kabisa kuliko kuingia na 22,000. Hapo kingi zinastahili kufuata, au angalau mjadala unakuwa mkubwa.

Mwana_Mkunazini
Tunaanza upya, ami. Kila mmoja anapewa 20,000.

Mzee_wa_Malindi
Basi atupe. Chipu 49,000 zitafutwa zote kesho yake, zamfaa nini?

Na mumtazame na huyo kinara. Yeye hakumwaga kwa ujinga, anajua kwamba wengine wanaogopa kutoka. Lakini alichagua mtu asiyefaa kumtisha. Angefuatwa na kushindwa, angebaki na 6,000. Wawili wenye chipu nyingi wakigongana, mmoja anaumia na wanaofaidika ni wanne waliokaa kando bila kugusa karata. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Angewabana wale wa 10,000 na 12,000 ningemwelewa zaidi.

Mpenda_Kheri
Naingia kwa nia njema, ndugu zangu. Suratul Maida aya ya 90 inajulikana, na maysiri, yaani kamari, ni haramu. Madhali hamtoi pesa, nawaomba mbaki hapo hapo, msivutwe na zile programu zinazoanza bure kisha zinadai kadi ya benki.

Mwana_Mkunazini
Ahsante sana, sheikh. Sharti letu la kwanza ndilo hilo, na anayeleta habari za pesa anatolewa kwenye kundi.

Kijana_Chake
Lakini si mashindano yote yako hivi. Mie nafuatilia yale makubwa ya Las Vegas. Kule zawadi hupanda ngazi kwa ngazi na wa kwanza anawazidi wote mbali sana, kwa hiyo chipu za ziada zina kazi. Chris Moneymaker mwaka 2003 alianzia mashindano ya kufuzu ya intaneti kwa kiingilio cha dola 86, akapata tiketi ya dola 10,000, akaenda kuchukua dola milioni 2.5. Yale ya kufuzu na yale yenyewe ni michezo miwili. Katika la kwanza unatafuta kubaki, katika la pili lazima uzikusanye.

Bint_Wete
Khasa. Simba, ungeniuliza kuhusu raundi ya mwanzo, watu arubaini bado wamo, ningekuwa upande wako. Hapo kingi mbili hazitupwi kabla ya karata za mezani kufunuliwa.

Simba_wa_Darajani
Nimekusikia. Na kama yule wa 1,500 angekuwa na 9,000?

Bint_Wete
Hapo hesabu inalegea. Hakuna anayelazimika kuingia na chipu zote mkono unaofuata, na mzunguko mzima unakugharimu 3,000. Hata hivyo una 22,000 na wanne wako chini yako. Kingi ningetupa bado, kwa moyo mzito. Ree ningefikiri mara mbili. Ningefuata bila wasiwasi kama mimi ndiye ningekuwa na zile 1,500.

Mwana_Mkunazini
Naichukua hii naenda nayo barazani leo baada ya Isha. Nitawasomea ile ya 95 na 85, tuone nani ataendelea kumwita mwoga.