ESP32 zinazogoma kurudi kwenye Wi-Fi: njia ipi kati ya hizi nne?

Nusu_Volti:
Wakuu, habari za kazi. Nina bodi nne za ESP32, vile vikompyuta vidogo vyenye Wi-Fi ndani. Moja naiita mama: inafungua Wi-Fi yake yenyewe na wakati huohuo imeungana na ruta. Tatu ni watoto, wana vihisio vya joto na unyevu, wanaingia kwenye Wi-Fi ya mama na kumpelekea vipimo kila sekunde 30. Nikiwasha zote kwa pamoja hakuna neno. Balaa linaanza umeme ukikatika upande wa mama na kurudi. Watoto wanahangaika, mara anarudi mmoja, mara hakuna hata mmoja, mpaka nizunguke kubonyeza kitufe cha kila bodi.

Njia nilizokusanya ni hizi. Kwanza, kuiachia maktaba ya Arduino ijiunge yenyewe kwa setAutoReconnect. Pili, kukagua muunganisho ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia), nikikuta haupo napiga WiFi.disconnect() ya kukata kisha WiFi.begin() ya kuunga upya, kila nusu sekunde. Tatu, bodi ijiwashe upya ikishindwa. Nne, kuachana na Wi-Fi ya kawaida nihamie ESP-NOW, ambapo bodi zinatumiana ujumbe moja kwa moja. Mtoto wa 1 na wa 2 wana njia ya pili, wa 3 nimemwachia ya kwanza. Nani ameishi na ipi kwa muda mrefu?

MzeeWaSolda:
Niko na njia ya tatu mwaka wa pili sasa. Wataalamu wataniguna, lakini kifaa changu kinapima kina cha maji tu, na kikipotea sekunde tano hakuna anayelia. Dakika tatu bila muunganisho, ESP.restart(), basi.

Ila ujue unachokilipia. Vipimo vilivyokuwa vinasubiri kwenye RAM vinapotea. Kama bodi inaendesha rilei (swichi inayowasha na kuzima kifaa kikubwa), pini zinarudi hali ya mwanzo wakati wa kuwaka, kwa hiyo pampu inaweza kuzimika katikati ya kazi. Na mama akilala usiku kucha, watoto nao watajiwasha usiku kucha. Usiwe unaandika chochote kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu) kila bodi inapowaka, utaichosha bure.

Kiraka:
Nusu_Volti, unachagua dawa kabla ya kupima. Kila muunganisho unapokatika chipu inatoa namba ya sababu. Sajili tukio la ARDUINO_EVENT_WIFI_STA_DISCONNECTED kwa WiFi.onEvent, uchapishe hiyo namba kwenye Serial Monitor, dirisha la ujumbe wa bodi kwenye kompyuta. 200 maana yake kifaa kimeacha kusikia matangazo ya mtandao, kwa kawaida baada ya sekunde 6 za ukimya. 201, kimetafuta jina la mtandao hakijaliona. 15 na 204, makubaliano ya funguo hayakukamilika kwa wakati, hapo shuku nenosiri au mawimbi hafifu. 8, kifaa kimejiondoa chenyewe. Lete namba tuzione.

Nusu_Volti:
Nimezileta. Mtoto wa 1 na wa 2: 200 mara moja, halafu 8, 8, 8, 8, ukurasa mzima. Wa 3: 200, halafu 201 zinafuatana dakika baada ya dakika. Hiyo 8 inanishangaza, mbona sijamwambia mtu ajiondoe?

Kiraka:
Umemwambia. Ni ile disconnect() yako ya kila nusu sekunde.

Piga hesabu. Kwa mpangilio wa kawaida, kutafuta mtandao kunachukua hadi milisekunde 120 kwa kila chaneli, yaani kila masafa ya redio ya Wi-Fi. Chaneli 13 ni kama sekunde moja na nusu, na hapo hujathibitisha nenosiri wala hujapewa anwani ya IP. Wewe unampa nusu sekunde kisha unamkata aanze upya. Ni kupanda mbegu na kuifukua kila jioni uone kama imeota. Yule anayebahatika kurudi huenda anamkuta mama kwenye chaneli za mwanzo.

Njia ya pili si mbaya kama njia, umeiendesha vibaya tu. Acha tukio likuongoze. Likija la kukatika, jaribu mara moja. Likija tena, subiri sekunde 2, halafu 4, halafu 8, ukomee 30. Ongeza milisekunde chache za kubahatisha ili watoto watatu wasigonge mlango kwa pamoja. Usiweke delay() (amri ya kusubiri) ndani ya kishughulikia tukio, yaani kile kipande cha programu kinachoitwa tukio likija, humo inua bendera tu, kazi ifanyike kwenye loop. Na zima setAutoReconnect. Madereva wawili kwenye usukani mmoja hamfiki.

Chaneli_Sita:
Mtoto wa 3 ana ugonjwa wake. Swali: ruta na mama wako kwenye umeme mmoja?

Nusu_Volti:
Soketi moja kabisa, mkuu. Na huyo wa 3 ndiye yuko mbali kuliko wote, nasoma -84 dBm, mawimbi hafifu.

Chaneli_Sita:
Nilihisi. ESP32 ina redio moja tu. Mama akifungua mtandao wake huku ameungana na ruta, kazi zote mbili lazima ziwe chaneli moja, na anayeamua ni ruta. Umeme ukirudi, mama anawaka kwa sekunde chache, ruta inajivuta dakika mbili. Katika muda huo mama anaitafuta ruta, anaruka chaneli hadi chaneli, na kila akiruka Wi-Fi yake inakosekana pale watoto wanapoisikiliza. Aliye karibu anaweza kumdaka katikati ya miruko. Aliye kwenye -84 anasikia kipande tu, ndiyo hizo 201.

Halafu ruta ikiwaka, kama imewekwa ijichagulie chaneli, inaweza kutokea nyingine, na mama anahama tena na watoto wake wanadondoka.

Funga ruta kwenye chaneli moja, na mama awashe Wi-Fi yake kwenye chaneli hiyohiyo. Muhimu zaidi, mama asiitafute ruta mfululizo. Ajaribu mara moja, akikosa akae kimya dakika nzima awahudumie watoto, ndipo ajaribu tena.

Na kile kitufe unachozunguka kukibonyeza, nadhani kilikuwa kinasifiwa kwa kazi isiyo yake. Mpaka umfikie mtoto wa 3, ruta ilikuwa imeshawaka.

Nusu_Volti:
Hilo la kitufe limeniuma kwa sababu ni kweli.

Betri_Kavu:
Niitetee njia ya nne, naona mmeipita. ESP-NOW haina kuungana, kwa hiyo hakuna cha kuungana upya. Mtoto anaamka, anatuma, analala. Toleo la kwanza linabeba baiti 250 kwa ujumbe, na joto na unyevu havifiki hata 20. Kwa kifaa cha betri sioni mshindani, kwani kujiunga na Wi-Fi kila ukiamka ndiko kunakokula chaji.

Lakini usidhani umekimbia tatizo la Chaneli_Sita. Mtumaji na mpokeaji lazima wawe chaneli moja, na mama wako anaifuata ruta. Watoto wangu wakikosa jibu mara tatu wanatuma upya kwenye chaneli ya 1, ya 2, hadi 13, wakijibiwa wanaikariri. Jibu lenyewe linakuja ukituma kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa redio) ya mhusika tu, ukitangazia wote hulipati. Tena linathibitisha kwamba redio imepokea, si kwamba programu imesoma.

Kiraka:
Naongeza dogo kabla sijasahau. Kwenye Arduino, Wi-Fi ya mama kwa kawaida inapokea wageni 4. Watoto 3, simu yako na kompyuta ni 5, mmoja anabaki nje. Na mgeni aliyezimika ghafla anaweza kuhesabiwa yupo hadi sekunde 300. Ongeza idadi kwenye softAP(), amri inayofungua Wi-Fi ya mama.

Nusu_Volti:
Mrejesho. Nimebaki na njia ya pili kwa mtindo wa Kiraka kwa watoto wote, ruta nimeifunga chaneli ya 6, mama anaitafuta mara moja kwa dakika. Jana nimekata umeme wa mama na ruta mara kumi. Wa 1 na wa 2 wamerudi kila mara ndani ya sekunde kumi baada ya mama kuwaka. Wa 3 amerudi mara tisa, polepole kidogo. Mara ya kumi alikwama kwenye 15 kwa dakika nne, kisha akaingia mwenyewe.

MzeeWaSolda:
Huyo mwangalie waya wake wa umeme. ESP32 ikirusha mawimbi inavuta kwa mishtuko, chanzo kinashauriwa kiweze kutoa miliampia 500. Waya mrefu mwembamba unaiangusha volti pale pale redio inapoongea. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na bodi uone.

Nusu_Volti:
Waya wake ni mita tatu, wa simu ya zamani. Nitaubadilisha leo. Ila nikiri jambo, nimemwekea na restart, akikosa mtandao dakika 20.

MzeeWaSolda:
Karibu chamani.