Nimeongeza mizunguko ya waya, mbona sumaku haijaongezeka nguvu?

Mwl_Kidato2: Wakuu, naandaa kipindi cha sumakuumeme. Nina msumari mnene wa milimita 5, waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.2 na betri moja ya volti 1.5. Kwa mizunguko 100 unabeba klipu za kutosha. Nimefikisha 200, unabeba zilezile! Kitabu kinasema mizunguko ikizidi, nguvu inazidi. Halafu nikikata umeme kuna klipu hazidondoki. Wanafunzi wangu hawaachi kitu, watauliza tu.

Msasa: La klipu ni jepesi. Misumari mingi ni feleji, na feleji ikishapata usumaku haiuachi upesi. Fungua waya, choma msumari uwe mwekundu, ufukie kwenye majivu upoe taratibu. Usiutumbukize majini, utazidi kuwa mgumu.

FundiKoili: Mwalimu, kitabu kiko sawa, ila kimeruka kipande: mizunguko ikizidi *na mkondo ukabaki uleule*. Wako haukubaki. Waya wa 0.2 una ukinzani, yaani unavyozuia mkondo, wa kama omu 0.55 kwa mita. Mizunguko 100 kwenye msumari huo inakula mita 1.6 na ushee, yaani omu 0.9 hivi. Weka kando ukinzani wa ndani ya betri: volti 1.5 gawanya kwa 0.9, unapata ampea 1.6 na ushee, zidisha kwa mizunguko 100, ni 160 na ushee. Mizunguko 200 inadai waya mara mbili, mkondo unashuka hadi 0.8 na ushee, zidisha kwa 200... 160 na ushee ileile. Klipu zinaitii hiyo hesabu ya mkondo mara mizunguko, hazijui umezungusha mara ngapi.

Mimi hapo nisingebadilisha kitu, ningewapa darasa ammita, kile kipima mkondo, wakaone wenyewe. Ni somo zuri kuliko lile la kitabuni.

Ukitaka nguvu ipande kweli, tumia waya wa 0.5. Ukinzani wake kwa mita ni chini ya moja ya sita ya huo wako, kwa hiyo kinachobana mkondo ni betri yenyewe, na kila mzunguko unaoongeza unalipa. William Sturgeon, Mwingereza aliyebuni sumakuumeme, mwaka 1825 alikuwa na mizunguko 18 tu ya waya mtupu, akapaka vanishi chuma badala ya waya, na kikainua kilo 4 hivi.

Mwl_Kidato2: Ahsante sana fundi, ammita ipo. Tabaka la pili nilirudisha waya kutoka kichwani kwenda kwenye ncha. Haliharibu?

FundiKoili: Kurudi hakuna neno, mradi waya uzunguke upande uleule. Ukigeuza mzunguko, tabaka la pili linafuta la kwanza, na hata klipu moja hutaiona ikipanda. Kwangua ncha za waya kwa msasa hadi shaba ing'ae, na usiache betri imeunganishwa huku unaeleza ubaoni. Waya unapata moto na betri inakufa kabla hujafika kwenye maswali. Gusa, onyesha, achia.

Msasa: Na klipu ziwe za chuma. Zile za plastiki zimeshaniletea aibu mbele ya mkaguzi 😂