Mji Mkongwe kwa bajeti ya mtu wa kawaida, ulikula wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za mchana. Nimerudi juzi kutoka Zanzibar mimi na shosti wangu, siku nne, na kabla sijasahau nataka tupeane uzoefu wa kula Mji Mkongwe bila kuuza simu. Maana ukitafuta mtandaoni unaletewa sehemu za juu ya paa zenye mito ya kukalia chini, machweo kwa mbele, bei zote kwa dola, utadhani sisi wengine haturuhusiwi kutalii kwetu.

Naanza na yangu. Bajeti ya msosi ilikuwa elfu ishirini kwa siku kila mtu, tukajiona matajiri. Tumeshuka kwenye boti saa tano, jua kali, njaa inauma, tukatupa mabegi gesti tukatoka kwa miguu mpaka tukaona mgahawa umeangalia bahari, tukajitosa. Menyu inakuja bei ni namba tupu, 12, 15, 18. Shosti ananinong'oneza "elfu kumi na tano samaki mzima, hapa si mbaya", basi tukaagiza samaki na wali, juisi mbili, maji makubwa, na ile mikate midogo walioleta kabla tukadhani ni ukarimu. Bili ilivyokuja ndio tukaelewa zile ni dola. Na mikate ilikuwemo kwenye bili. Bajeti ya siku mbili na ushee imeondoka mezani na saa nane haijafika.

Jioni nikamfuata kaka anayefagia pale gesti nikamuuliza kaka hapa watu wanakula wapi. Akanitazama akasema "nyie mnataka kula au mnataka kupiga picha?" Nikamwambia picha tumeshapiga, tena ya gharama. Akacheka, akaacha fagio, akatupeleka. Kushoto, kulia, kichochoro ambacho watu wawili hamwezi kupishana bila kuombana radhi, mpaka kwenye nyumba haina bango wala jina, benchi mbili na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Bi mkubwa mmoja anapakua. Wali wa nazi, mchuzi wa jodari, mchicha, kipande cha ndimu, pilipili ipo kwenye kopo la jamu unajichotea. Nikauliza bei, akasema elfu nne. Nikauliza tena. "Elfu nne mwanangu, kwani umesikia ngapi?"

Kesho yake kaka hayupo zamu tukaenda wenyewe, tukapotea mara tatu. Ramani ya simu mle vichochoroni inazunguka kama na yenyewe ina kizunguzungu. Nilipatambua kwa paka mmoja wa rangi ya chungwa aliyekuwa amelala juu ya mtungi wa gesi, siku ya kwanza alikuwa palepale. Tukala pale siku zote zilizobaki.

Haya nyie wengine, mlikula wapi, mlipigwa wapi? Mliopigwa msitaje majina ya watu, tusije tukaitana mahakamani.

Msosi Kwanza

Hahaha hizo namba tupu zimetupiga wengi. Mimi nilipigwa Forodhani usiku, na siwalaumu sana maana nilijipeleka mwenyewe. Unafika pale taa zinawaka, moshi wa mkaa, jamaa kavaa kofia nyeupe ya upishi anakuita "karibu kaka, onja tu, kuangalia bure". Meza imepangwa mishkaki ya samaki, pweza, ngisi, kamba, kila kitu kina rangi. Nikanyoosha kidole hiki, na hiki, na hiki, yeye anaweka tu kwenye sahani anapeleka jikoni, hakuna aliyetaja hela. Nimemaliza kula ananiambia elfu hamsini na tano. Nikamwambia bosi mimi natoka Mbagala. Akashusha mpaka arobaini akaniongezea chapati eti zawadi.

Sasa mimi sisemi msiende, pale ni pazuri, upepo wa bahari unapiga na watoto wa mjini wanajirusha majini wanapiga sarakasi. Ila ukifika sema bei kwanza kipande kwa kipande kabla hakijagusa moto, kikishagusa moto ni chako. Siku ya pili nilienda na akili, nikanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, nikala ile wanayoita zanzibar pizza (ambayo ni chapati nyembamba imekunjwa na nyama na yai ndani, Muitaliano akiiona analia), nikatoka na chenji.

Bin Ng'ambo

Mimi mwenyeji, nimezaliwa Kikwajuni. Nasoma humu nacheka mwenyewe. Yakhe, tatizo lenu wageni mnatafuta chakula cha rahisi ndani ya Mji Mkongwe tu, na kila saa mnatafuta chakula kilekile. Chakula cha hapa kina saa zake. Asubuhi mapema ni supu na chapati, au maandazi na mbaazi za nazi, ukija saa nne na nusu unakuta sufuria linaoshwa. Mchana wali. Wali ukisha umeisha, usimsumbue mtu. Kuanzia saa kumi alasiri ndio urojo unatoka, na magharibi ikishaingia unaona majiko ya mkaa yanawashwa barazani, mishkaki, mkate wa ufuta, kuku, chipsi. Usiku mkubwa kahawa.

Na la pili, vukeni barabara. Ile Creek Road (sasa inaitwa Benjamin Mkapa lakini sisi bado tunaita Creek) zamani palikuwa na maji pale, mkono wa bahari, ndio maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Maji yamefukiwa zamani lakini bei bado zinajua mpaka uko wapi. Upande wa mahoteli urojo unaletewa kwenye bakuli la kauri na jani juu. Vuka uje Michenzani, Kisiwandui, Miembeni, urojo uleule mzuri zaidi elfu mbili, elfu mbili na mia tano.

Na kwa vile wabara wengi wanaula urojo bila kujua wanakula nini: ule uji wa njano ni unga na bizari na ukali wa embe au ukwaju, humo ndani anakukatia kachori na viazi, anatia bajia, mishkaki miwili anaichomoa kwenye kijiti, yai ukitaka, halafu chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa zile chipsi za muhogo zilizopondwa. Zile ndio usikubali azisahau. Na usikoroge kila kitu mara moja kama unapaka rangi ukuta. Chipsi zinatakiwa zilie mdomoni.

Dada wa Rock City

Mimi yangu ni ya Ramadhani. Nilienda kikazi wiki moja, mimi Mkristo wa Mwanza sikufikiria kabisa kalenda. Siku ya kwanza saa saba mchana natoka ofisini naenda kutafuta wali, mtaa mzima kimya, migahawa imefungwa, hata muuza maji simuoni. Nikaishia kwenye hoteli moja ya watalii nikala kuku na chipsi elfu thelathini na nane, pazia limeshushwa kama tunafanya magendo. Siku ya pili nikanunua biskuti nikala chumbani.

Siku ya tatu jioni naingia gesti, mlinzi mzee mmoja akaniuliza "mwanangu, wewe mchana unakula wapi?" Nikamwambia ukweli, biskuti mzee wangu. Akasikitika kweli kweli. Adhana ya magharibi ilivyolia akaniita, wamekaa wanne barazani, sinia katikati, wakanipa tende tatu, uji wa pilipili manga kwenye kikombe, halafu muhogo wa nazi na samaki, tambi, kaimati. Nilitaka kutoa hela akanikatalia kwa ukali kidogo, akasema futari haiuzwi. Kuanzia siku ile nikawa nanunua matunda soko la Darajani nikirudi nayaweka kwenye lile sinia bila kusema kitu, na yeye akawa anayakata bila kusema kitu. Mpaka naondoka chakula cha jioni sikukinunua tena.

Kwa hiyo anayepanga safari aangalie mwezi, na mchana asitembee anatafuna barabarani.

Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Mie nilikwenda Unguja nikiwa na kiburi, nikasema mie mswahili wa Old Town, mji wa kale nimezaliwa ndani yake, nani atanipiga bei? Nimefungua mdomo tu "hiki pesa ngapi" kijana akanambia karibu sana ndugu yetu wa Kenya. Bei ikapanda hapohapo nikiiona.

Lakini nlitumia ujanja wa nyumbani. Kwetu mgeni akitoka Fort Jesus akila palepale ataumia, akiingia ndani vichochoroni jioni atapata viazi karai, bajia na mishkaki kwa pesa ndogo, na asubuhi mahamri na mbaazi. Basi kule pia nikafanya hivyo, nikatafuta penye wazee wanacheza dhumna. Nikawapata Jaws Corner, kijiwe cha kahawa mle Mji Mkongwe. Muuza kahawa ana dele (birika) lake la shaba, vikombe vidogo vya kunywea mara tatu, na kashata pembeni. Nikanywa, nikasikiliza siasa nusu saa (wale wazee wanajua mambo ya dunia nzima, wakinitazama wanauliza mambo ya Nairobi kana kwamba mie ni waziri), mwisho nikauliza nile wapi. Wakabishana. Wallahi wakabishana robo saa, mmoja asema kwa fulani, mwingine asema yule siku hizi wali wake mbichi. Nikaenda kule walikokubaliana watatu. Boko boko ya nyama (ngano iliyopikwa na nyama ikapondwa), laini, samli juu. Mpaka leo boko boko ya mke wangu nikiilinganisha na ile nashindwa kusema.

Buku Tano

Mtu wa ndani ya Mji Mkongwe asiyetaka kuvuka wala kupotea aende Lukmaan pale Mkunazini, karibu na kanisa la Anglikana kwenye lile soko la watumwa la zamani. Si siri, wazungu wamejaa na wenyeji wamejaa, unapita kwenye vyakula unaonyesha kwa kidole. Bei si ya mama ntilie lakini hawakuumizi. Chukua pweza wa nazi. Uliza bei ya sahani kwanza maana ukinyoosha kidole sana na pale pia utashangaa.

Mpole wa Tegeta

Naomba niharibu sherehe kidogo. Wote mnasema fuata wenyeji, mimi nilifuata. Saa tisa alasiri nikakuta supu ya pweza kwenye beseni, haichemki, inatoka uvuguvugu tu, lakini jamaa wawili wanakunywa nikasema ni wenyeji hao. Usiku tumbo liliniendesha mpaka nikawa nalijua sinki la choo kila ufa. Siku hizi naangalia sufuria na siangalii watu. Kama halitoi mvuke sigusi, hata kama amekaa imamu anakula.

Bin Ng'ambo

@Mpole pole sana bwana. Lakini supu ya pweza saa tisa? Nilisema chakula kina saa zake.

Msosi Kwanza

Swali kwa mwenyeji. Kwa mama ntilie mtu anaruhusiwa kuomba punguzo? Maana Forodhani nilishushiwa elfu kumi na tano kwa kusema Mbagala tu.

Bin Ng'ambo

Kwenye vinyago na vitenge omba mpaka ulie. Kwenye sahani ya wali ya elfu nne usiombe, utatazamwa na kila aliyekaa kwenye benchi. Mwambie tu "bi mkubwa niongeze mchuzi", ataongeza, na ukirudi kesho ataongeza kabla hujasema.

(mimi mwenye uzi)

Yaani hilo la mchuzi ni kweli tupu, siku ya mwisho bi mkubwa alituwekea na ukoko wa wali pembeni, ule wa chini wenye nazi iliyoungua kidogo, akasema huu ni wa watoto wangu wa Dar. Shosti alitaka kulia. Na yule kaka wa gesti tulimwachia elfu kumi akauliza ya nini.

Watu wananiuliza inbox nyumba iko wapi. Sijui jina la mtaa. Ukitokea Darajani unaingia ndani, unauliza paka.

Buku Tano

Dada Mji Mkongwe una paka elfu.

(mimi mwenye uzi)

Wa rangi ya chungwa. Mtungi wa bluu.