Wahudumu wa ukumbi wa michezo ya watoto wanachoka mpaka wanaacha kazi: nianzie wapi?

Msimamizi_Nyali

Hamjambo wanajukwaa. Nasimamia ukumbi wa ndani wa michezo ya watoto hapa Nyali, Mombasa. Vituo vinavyotaka mtu muda wote ni vitano: mlango na tiketi, viatu na soksi, trampolini (vitanda vya kurukia), jumba la hewa la kurukia, na bwawa la mipira pamoja na kona ya wadogo. Tunafungua kila siku saa 3 asubuhi, tunafunga saa 1 usiku. Wahudumu walikuwa 8, wawili wameacha, wamebaki 6: watano kazini, mmoja anapumzika. Chakula wanakula kwa kupishana ukumbi ukitulia, na wikendi hautulii. Paa ni mabati. Kukiwa na sherehe za kuzaliwa watoto hufika 120 kwa mpigo.

Kila Jumatatu kuna wawili ama watatu waliokauka sauti. Miguu inauma, vichwa vinauma, na hasira ziko karibu. Mtu mpole kabisa utamsikia akimkaripia mtoto wa miaka minne. Mwenye ukumbi yuko tayari kutoa kitu. Wazo lake ni fulana mpya na mlo wa pamoja kila mwisho wa mwezi. Ni jambo jema, lakini halifiki panapouma. Nianze na nini, na kwa hesabu gani? Na Ramadhani mnapangaje, ikiwa wanne kati ya sita wanafunga?

Kipanga_Zamu

Anza na mtu wa sita Jumamosi na Jumapili. Mengine yote yanategemea hapo. Kama hakuna wa kumshikia mtu nafasi, hata maji ya bure hayanyweki, kwa sababu akinywa atataka choo, na kituo hawezi kukiacha. Dada zetu wakiwa kwenye siku zao ndio huumia zaidi kwa hili, na wengi hawatakwambia.

Tazama ulivyo sasa. Vituo 5 kwa siku 7 ni zamu 35. Gawa kwa watu 6, kila mmoja anafanya karibu siku 6 kwa wiki, saa 10 kwa siku, yaani saa 58 hivi. Kanuni za jumla za mishahara Kenya zinaweka saa 52 kwa wiki ya siku sita. Zinazozidi ni ovataimu, mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Ungeweza kutoa saa ya chakula kwenye hesabu, lakini kwako saa hiyo haipo.

Nafuu iko Jumatatu mpaka Alhamisi, watoto wakiwa shule. Weka watu 3. Asubuhi unganisha mlango na viatu viwe kituo kimoja, fungua bwawa la mipira tu, na wa tatu anapokezana nao. Kuanzia saa 9 alasiri fungua trampolini, jumba la hewa libaki limefungwa. Ijumaa weka 4. Jumamosi na Jumapili weka 6. Jumla ni zamu 12, 4 na 12, yaani 28. Gawa kwa 6, hazifiki siku 5 kwa kila mtu. Umempata mtu wa sita bila kuajiri, na saa zimeshuka chini ya 47.

Gharama yake ni kwamba wote sita watafanya kila wikendi, na hilo nalo huchosha, kwa sababu harusi, mazishi na mechi za mtaani ziko siku hizo hizo. Mtafute wa saba wa siku mbili kwa wiki, umfundishe kama wengine, uwatoe mmoja mmoja.

Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka mpango huu unavunjika, maana kila siku ni kama Jumamosi. Watu 6 kwa siku 7 ni zamu 42. Ukiwa na wahudumu 6 hakuna anayepumzika hata siku moja, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Unahitaji 8, ili kila mtu afanye siku 5 na robo. Hao wawili watafute mwezi mmoja kabla, wasije kujifunza kazi siku ya umati.

Ndani ya siku, watu 6 kwenye vituo 5 wazunguke kila dakika 25. Mzunguko mzima ni dakika 150, kwa hiyo kila mmoja anapata dakika 25 za kukaa chini kila saa mbili na nusu. Saa 5 mpaka saa 8 mchana ufanye mzunguko wa dakika 30: saa tatu kamili, kila mtu kapata nusu saa ya kula bila kuulizwa soksi. Mpangilio wa vituo uwe huu: anayetoka kupumzika anakwenda trampolini, kisha viatu, kisha jumba la hewa, kisha mlango, kisha bwawa, kisha pumziko. Trampolini na jumba la hewa visifuatane. Vyote viwili ni kusimama na kukodoa macho, na baada ya nusu saa ya hivyo mtu anatazama bila kuona.

Bi_Kongowea

Naunga mkono, na niongeze la pumziko lenyewe. Kukaa nyuma ya kaunta si kupumzika, mzazi atakuja tu. Stoo iliyojaa mipira ya akiba si chumba. Wape mlango unaofungika, viti vyenye mgongo, kiti kifupi cha kuinulia miguu, feni, soketi ya simu, na maji. Kamera isiwemo.

Maji: glasi moja ya robo lita kila nusu saa, na walio trampolini kila dakika 20 miezi ya Februari na Machi, joto la kaskazi likiwa limekolea chini ya mabati. Kwa watu 6 kwa saa 10 ni lita 30, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 hautoshi. Ukiona umebaki na maji jioni, jua hawakunywa. Anayetoka jasho jingi apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho linatoa chumvi. Anayeanza kuchanganyikiwa maneno huku mwili ni wa moto, hilo si la kumpa maji akae. Mvue viatu, mmwagie maji, mpepee, na gari liitwe papo hapo.

Sauti inakauka kwa sababu wanashindana na muziki. Uzime. Hiyo ndiyo hatua isiyogharimu kitu, na ndiyo inayokataliwa sana na wenye kumbi. Kanuni za kelele kazini za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa wastani wa saa 8. Pima kwa programu ya simu ukiwa katikati ya ukumbi saa 10 jioni. Haitakuwa sahihi kabisa, lakini kama inabidi upaze sauti kwa mtu aliye mita moja kutoka kwako, uko karibu na 85 au umepita, na kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu ya kelele ni maradufu. Wafundishe ishara tatu za mkono: simama, keti, toka. Filimbi ibaki ya kusimamisha mchezo wote tu, la sivyo watoto wanaizoea na haisikiki tena. Aliyekauka koo asinong'one, kunong'ona nako kunakaza koo. Akae kituo cha viatu na aseme machache. Sauti isiporudi kwa wiki tatu, ni hospitali.

Ukutani unaweza kutundika magodoro membamba yanyonye kelele.

Mvita_Kazini

Dada, hapo kwa magodoro nakupinga. Sponji ikishika moto inaungua haraka na moshi wake ni sumu, na humo ndani mna watoto 120 na milango miwili. Muziki uzimwe, sherehe mbili zisiwekwe saa moja, na tiketi ziuzwe kwa awamu za saa 1 na dakika 45, halafu robo saa ya ukumbi mtupu. Robo saa hiyo ndiyo masikio hupona, ndiyo mipira huokotwa, na mtu anaweza kukaa bila kutazama mtoto.

Sasa wazazi. Mzozo mwingi unaanza mahali pamoja: kwenye ngazi ya trampolini, mtoto ni mdogo au kitanda kina mtu tayari, mhudumu wa miaka ishirini anamkatalia mama mwenye umri wa mama yake mbele ya watu. Hapo amekwisha kushindwa, adabu yenyewe inamfunga mdomo. Kwa hiyo kataa kabla yake. Piga mstari mwekundu ukutani kwenye urefu mliouchagua, mtoto asimame pale kabla ya kuvua viatu, na juu yake andika kwa herufi kubwa: KITANDA KIMOJA, MTOTO MMOJA. Mhudumu anaonyesha ukuta. Mzazi akiendelea, neno ni moja tu: "Nimekusikia mama, namwita msimamizi." Asitetee, asirudie sheria. Wewe ufike ndani ya dakika mbili, usimame kati yao, na mhudumu aondoke kituoni dakika 10. Na usimgeuke mbele ya mzazi. Kama alikosea mwambie chumbani.

Viatu navyo vinaliza watu kuliko mnavyofikiri. Viatu vimebadilishana, mzazi anafoka, jioni mhudumu anakatwa bei ya raba. Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, hairuhusu kukata mshahara kwa kila kinachopotea. Kwa mali iliyoharibika au kupotea ni pale tu mfanyakazi alipokusudia. Nunua vibati vya namba viwili viwili: kimoja kinafungwa kwenye kamba ya kiatu, cha pili anakaa nacho mzazi. Bila kibati, viatu havitoki mpaka msimamizi aje.

Mtoto akiumia, aliyekuwa kituoni atolewe dakika hiyo hiyo, hata kama hakukosea. Mkono wake utakuwa unatetemeka na macho yake hayako tena kwa watoto waliobaki. Aandike alichoona kabla ya kwenda nyumbani, mbali na wazazi, na alipwe siku nzima. Mpigie kesho yake, na tena baada ya wiki. Akishindwa kulala, simu ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo. Kuna mzigo mwingine hausemwi: mhudumu akiona alama mwilini mwa mtoto na kushuku anapigwa nyumbani. Asibaki nalo moyoni. Akuambie, na nambari ya watoto ni 116.

Likoni_Ngambo

La Ramadhani. Wanaofunga waanze saa 3 asubuhi na watoke saa 9 alasiri, nguvu za daku zikiwa bado zipo. Saa 9 mpaka magharibi wasiwekwe trampolini wala jumba la hewa. Wachache watakaobaki jioni, jua likizama karibu saa 12 na nusu, wapewe dakika 30 kamili za futari na sala, si tende mbili wakiwa wamesimama. Wasiofunga ndio washike vituo dakika hizo, nao walipwe hisani hiyo kwa kuchagua kwanza siku za mapumziko baada ya Idd. Wiki hizo nne jioni watoto ni wachache, kwa hiyo ukiweza funga saa 11.

Idd usipange kwa tarehe moja. Andika ratiba mbili, ya mwezi wa siku 29 na ya siku 30, uzibandike zote wiki moja kabla, ili mwezi ukionekana usiku kila mtu ajue yuko wapi asubuhi.

Na wanaovuka feri watoke kwanza kila jioni. Anayekaa Nyali au Kongowea akibaki dakika 20 kufagia yuko nyumbani mapema. Wa Likoni dakika 20 hizo humkuta foleni kivukoni na matatu zimepungua ng'ambo.

Bi_Kongowea

Mvita, la sponji umesema kweli, nalifuta.

Nilisahau usafi. Mtoto akikojoa kwenye mipira, wengi humwaga jiki moja kwa moja. Jiki na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua na macho, ndiyo kikohozi mnachosikia jioni. Kwanza futa, osha kwa sabuni na maji, suuza, ndipo jiki iliyochanganywa, dirisha likiwa wazi. Isikutane kamwe na dawa ya choo. Na aliyeshikwa na macho mekundu akae nyumbani kwa malipo: baada ya miezi miwili kazini ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Mkimkata siku, atakuja nayo na kuwagawia watoto wote.

Msimamizi_Nyali

Nawashukuru sana. Mzunguko wa dakika 25 naanza Jumamosi hii. Swali moja tu: nani anatangaza kubadilishana? Mimi nitakuwa mlangoni na wazazi.

Kipanga_Zamu

Usiwe wewe. Ukikamatwa na mzazi mmoja, wote watano wanakwama. Anayepumzika ndiye mwenye saa: simu yake inalia dakika ya 23, anatoka chumbani na kwenda trampolini. Anasimama na mwenzake nusu dakika, anahesabu watoto kwa sauti, ndipo yule anaondoka kwenda viatu, wa viatu kwenda jumba la hewa, hivyo mpaka wa bwawa anaingia chumbani. Kila anayeingia chumbani aandike saa kwenye ubao mlangoni. Kinachoharibika mara nyingi ni mmoja kuchelewa kutoka dakika tano. Wa bwawa ndiye anayezilipa, naye hatalalamika. Ubao utakuonyesha.