Mkaa wa mama ntilie ni dhambi, makaa ya mawe ni "nishati safi"? Nimechoka!

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Namtumbo mkoani Ruvuma, nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, kwa hiyo mkikutana na neno kali mnivumilie.

Shule anayosoma mwanangu ilipata agizo kama shule nyingine: taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 iachane na kuni na mkaa. Hatukubisha. Wazazi tukachanga elfu ishirini ishirini, jiko la gesi likafungwa, mitungi ikaja, tukapiga na picha. Muhula haujafika nusu, gesi kwisha. Kujaza mpaka Songea, nauli juu yetu. Leo tunaitwa kuambiwa ufumbuzi umepatikana: tutanunua mkaa mbadala. Nikauliza, umetengenezwa kwa nini? Meza kuu kimya. Aliyenijibu ni mpishi, kasimama mlangoni na upawa wake: "Makaa ya mawe hayo baba, yale yale ya kwenye malori." Mwenyekiti akasema hiyo ndiyo nishati safi yenyewe, tuendelee na ajenda inayofuata.

Yale yale ya kwenye malori! Kwa wasiojua huku kwetu: yanachimbwa Mbinga, yanapita Songea, yanapita hapa, Tunduru, Masasi, mpaka bandarini Mtwara. Usiku na mchana. Kanga ukianika karibu na barabara, unaifua mara mbili. Ulaya ilipoyapiga marufuku makaa ya Urusi mwaka 2022 biashara ikachangamka zaidi, na sisi tukashangilia fedha za kigeni. Sasa tazameni Ulaya wenyewe wanavyoishi na kitu hiki. Uingereza imezima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024. Ujerumani imeandika kwenye sheria kwamba mwisho wao ni 2038, na huko kwao bado wanagombana kwamba ni mbali mno. Wana tarehe ya kugombania. Sisi ya kwetu ni lini? Nimeitafuta sijaiona.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ule uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Siupingi. Mama yangu kapikia kuni maisha yake yote na macho yake nayajua yalivyo. Lakini anayefukuzwa barabarani ni mama wa gunia la mkaa, kwamba anamaliza misitu. Haya, anamaliza misitu. Upande wa pili shirika la madini la Serikali lenyewe, STAMICO, linachukua makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira kule Mbeya na Songwe, linayafyatua vidonge vinavyoitwa Rafiki Briquettes, na vinanadiwa kwenye maonesho kwamba ndiyo ukombozi wa jikoni. Mti ukiukata na kisiki ukakiacha salama, unachipua. Makaa ya Kiwira yamelala ardhini mamilioni ya miaka, ukiyachoma moshi wake ni mpya hewani na hakuna kinachochipua kuufuata. Kama shida ni misitu tu, semeni "kuokoa misitu". Hilo neno "safi" mmelitoa wapi?

Najua kuna mtu atakuja hapa na "yamechakatwa mkuu". Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba makaa ya mawe ghafi yasitumike majumbani. Haya si ghafi, nakubali. Basi vipimo vya moshi vichapwe kwenye mfuko, tuvisome kama tunavyosoma tarehe ya mwisho kwenye maziwa. Mpishi wetu anainamia sufuria la uji wa watoto mia nne ndani ya banda lisilo na bomba la moshi. Kifua ni chake, si cha mwenyekiti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba umeme upo. Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, mitambo yote tisa. Gridi ya Taifa ilishafika Ruvuma kwa laini ya Makambako, enzi za jenereta za dizeli zimepita. Nikauliza kikaoni, kwa nini tusifunge majiko ya umeme? "Transfoma haitabeba." Nani anaishughulikia transfoma? Kicheko. Wakati huo huo mipango ya umeme ya nchi bado inayahesabu makaa ya mawe kama chanzo cha baadaye, nchi ile ile iliyoahidi dunia mwaka 2021 kwamba ifikapo 2030 hewa chafu yake itakuwa pungufu kwa asilimia 30 hadi 35 kuliko ambavyo ingekuwa bila kuchukua hatua. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Mchuchuma, Ludewa, tunaimbiwa megawati 600 tangu mkataba wa 2011, haijafua hata ya kuchajia kitochi.

Sisemi mgodi ufungwe kesho. Shemeji yangu anaendesha lori mojawapo, watoto watatu wanasoma kwa hilo lori. Afrika Kusini walizima mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Komati mwaka 2022 na watu wa pale wakabaki wanauliza kazi ziko wapi. Ndiyo maana nataka iandikwe mapema: tunachimba mpaka lini, dereva anahamia kazi gani, na ushuru unaobaki Mbinga unajenga nini kabla wanunuzi hawajaacha kununua. Maana wataacha, tarehe za Ulaya nimewatajia.

Mliopo kwenye kamati za shule Mbeya na Songwe, mlianza kutumia vidonge hivi kabla yetu. Wapishi wenu wanasemaje? Mwenye vipimo vya moshi aviweke hapa, hata picha ya karatasi. Mwenye uzoefu wa jiko la umeme la shule ataje bili ya mwezi, kikao kingine ni Ijumaa ijayo. Na wale wa "si mnunue gesi tu", msinijibu kabla hamjapakia mtungi wa kilo 38 kwenye bodaboda kutoka Songea.