Kutoka jukwaani hadi filamu za kutisha

Mtunzi wa Ngara:
Wapendwa, mimi huandika tamthilia hapa Nairobi na sasa nimeombwa mswada wa filamu ya kutisha. Je, yupo mtunzi aliyevuka hivyo bila kuipoteza sanaa yake?

Msomaji Mkongwe:
Mtazame Anthony Shaffer wa Uingereza, wakili aliyegeuka mtunzi, ambaye tamthilia yake *Sleuth* ilianza kuonyeshwa mwaka wa 1970 na kushinda Tony, tuzo ya Marekani ya tamthilia, mwaka uliofuata. Alimwandikia mwongozaji Alfred Hitchcock filamu ya *Frenzy* ya 1972, kisha mwaka wa 1973 ikatoka *The Wicker Man*, ambamo polisi anayemtafuta msichana aliyepotea kisiwani huzidi kunaswa na wenyeji wanaomlaki kwa nyimbo na tabasamu. Hofu hiyo hujengwa kwa mazungumzo, mchana kweupe, pasipo damu nyingi. Kwangu mimi, huo ni ustadi wa jukwaani mtupu.

Mwalimu wa Fasihi:
Naafiki, ila jihadhari, ndugu yangu: jukwaani mhusika hutamka anachokiogopa, lakini kamera hutaka tukione kabla hajafumbua kinywa.

Mtunzi wa Ngara:
Ahsante, Mwalimu. Hadithi yangu imo katika ghorofa la mtaa wa Pipeline hapa Nairobi lenye ngazi zisizo na taa, kwa hiyo nitayafuta masimulizi marefu ya bawabu.